Waliolala Humu

Zimebaki yuniti tatu, na Luku inalia
kama mdai aliyeona taa yako inawaka.
Naandika harakaharaka.
Programu inauliza: Jina?
Nachapa: Issa Nalinga.
Inauliza: Chanzo?
Nachapa: daftari la Babu Mwinshehe, ukurasa wa kumi na moja,
kona ya juu imeliwa na mende.

Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi, hapa hapa Magomeni,
na hakumwamini karani.
Kila kilichoandikwa kwa kalamu ya serikali
alikinakili kwa kalamu yake ya risasi:
vyumba sita, choo kimoja, wapangaji na watoto wao,
hata yule wa chumba cha uani
aliyesema kazi yake ni shughuli.

Agosti, sabini na nane.
Nani alilala humu usiku wa kuamkia leo?
Ndivyo sensa inavyouliza. Haiulizi nani wa humu.
Inauliza ubavu wa nani uligusa mkeka.

Kwa hiyo yumo, mstari wa mwisho, mwandiko umebanwa:
Issa Nalinga, miaka ishirini na minne, fundi cherehani,
ametoka Nachingwea.
Uhusiano na mkuu wa kaya: mgeni.

Baba yangu. Mgeni!

Alikuja kumpima mpangaji suruali, usiku ukamkuta.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
lakini Babu hakuwa na shamba Magomeni.
Alikuwa na cherehani mbovu barazani
na binti asiyecheka ovyo.

Themanini na nane. Babu hayupo,
mwandiko sasa ni wa mama, umelalia kushoto.
Mstari wa kwanza: Issa Nalinga, mkuu wa kaya.
Programu haijui mtu anavyotoka mkiani hadi kichwani.
Inataka tarehe ya ndoa.
Naacha wazi.

Kisha inawasha alama nyekundu kwa mama:
Sikudhani binti Mwinshehe.
Sabini na nane, miaka kumi na minane.
Themanini na nane, ishirini na mitano.
Elfu mbili na mbili, thelathini na saba.
Kumi na mbili, hamsini kamili.
Tarehe zinapingana, inasema. Rekebisha.

Namwuliza. Anachambua mchele, hainui uso.
"Karani wa kwanza alimwuliza baba'ngu.
Wa pili alimwuliza mume wangu.
Wa tatu aliniangalia tu, akaandika.
Wa nne ndiye aliyeniuliza mwenyewe,
nikamwambia hamsini, anyamaze."
Anatoa chuya, anaitupa.
"Sasa wewe wa tano, unataka ngapi?"

Kidole kilikuwa juu ya Futa.
Nikakiondoa.
Nimeiingiza miaka yote, kila mmoja chini ya sensa yake,
kila karani na dhambi zake.

Imebaki ya ishirini na mbili.
Mimi nilihesabiwa Morogoro, nyumba ya wageni, chumba namba tisa.
Baba tulikuwa tumemzika Juni.
Ya hapa amenisimulia mama jana,
kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya sukari:
kijana alikuja na kizibao na kishikwambi,
akauliza wangapi walilala humu.
"Nikamwambia wawili. Mimi na mgeni."
Jina la mgeni?
"Nikaifunga kanga upya.
Nikamwambia, basi andika mmoja."

Kishikwambi kiliandika mmoja.
Nami nachapa mmoja, kwa kuwa ndivyo ilivyojibiwa.
Ila chini kabisa programu ina kisanduku, Maelezo,
kirefu kuliko nilivyodhani,
na nimeandika humo mpaka yuniti ikabaki moja.

Inauliza: Uhakika wa taarifa hii?
Mkubwa. Wa kati. Mdogo.

Mama kashalala. Upande wa ukutani,
kama siku zote,
nafasi ya mtu imebaki kitandani.